Nyumbani Kwetu: Nani alikula mega za mama?

Juma lililopita tuliwaahidi kuendelea na habari ya kukausha sambaza wakati wa mvua. Sambaza watatungoja kidogo. Alhamisi, kwenye mkutano wetu, kulitokea shauri lililotukalisha hadi giza likaingia, na hesabu ya sanduku tuliifanya kwa mwanga wa simu. Wakati wa kutoka, wamama wengi walituambia: liandikeni hili, hata kwangu kuna Play kama ile, hata kwangu tumegombana.

Mama mwenye shauri ametupa ruhusa ya kulisimulia, mradi jina lake lisitokee. Anauza samaki, na wateja wake wakubwa wanamwandikia kwa WhatsApp. Kila Ijumaa jioni ananunua mega za juma zima, anazitia kwenye modemu ya wifi, ile ndogo ya kuingia mfukoni, na simu yake pamoja na ya binti yake zinachota hapo. Kwake mega si starehe. Ni mtaji, sawa na barafu na mizani.

Jumapili moja asubuhi alifungua simu ili aone nani anataka samaki wa Jumatatu. Hakuna kilichoingia. Akatazama salio: mega za juma zima zimekwisha kwa siku moja na nusu. Akaenda sebuleni. Kijana wake wa miaka 15 alikuwa ameketi chini anacheza mpira kwenye televizio. Kando ya Play palikuwa na kisanduku cheupe ambacho mama hajawahi kukiona, taa zake zinawaka na kuzimika mbio mbio. Taa za modemu nazo ni hivyo hivyo. Laptopu ya zamani ya kaka mkubwa ilikuwa wazi juu ya kiti, inaunguruma. Mama akafungua kifuniko cha Play atoe diski. Ndani hamna diski!

Wamama, tuseme kweli, yeyote kati yetu angesema alichosema yeye. Mchezo usio na diski unatoka kwenye intaneti, na ndio uliokula mega zangu.

Kijana alijibu: "Hapana, mama, hautoki kwenye intaneti. Unatoka kwenye laptopu." Mama alisikia hapo uongo wa mtoto aliyekamatwa. Alimwita mwongo mbele ya dada zake, akang'oa kamba zote, Play ikafungiwa kabatini.

Kama ingeishia hapo tusingeandika. Lakini kijana alianza kwenda jioni kwenye zile nyumba za Play za barabarani, wanapolipisha kwa mechi. Siku ya kwanza alirudi saa moja. Siku nyingine saa tatu ilipita hajaonekana, na mama alitoka na tochi kumtafuta. Halafu pesa ya sabuni ikapungua nyumbani, na hakuna aliyejua imeendaje. Juma la pili mama aliamua kuiuza Play ili jambo liishe. Aliileta kwenye mkutano wetu ndani ya kikapu cha samaki, imefungwa kwa kitenge, akauliza nani ataichukua.

Wawili walinyosha mkono. Hapo mwenzetu mmoja anayefanya kazi kwenye sekretariati, yule anayetuchapia barua zote za kikundi, aliuliza swali moja tu: "Dada, ulijaribu kutoa kadi ya SIM ndani ya modemu ukaona kama mchezo unakataa?"

Hakuna aliyekuwa amejaribu.

Basi kijana akaitwa, akaja na laptopu na kisanduku chake, ametununia wote. Akaunganisha kila kitu kwenye televizio ya ukumbi. Mwenzetu akafungua modemu mbele ya macho yetu, akatoa kadi ya SIM, akampa mama mwenyewe aishike mkononi. Tukajaribu simu zetu juu ya wifi ile: hakuna ujumbe unaotoka wala kuingia. Kijana akawasha Play. Orodha ya michezo ikaja. Akachagua mpira, tukangoja kidogo, na wachezaji wakaingia uwanjani. Kadi ya SIM ilikuwa bado kwenye kiganja cha mama.

Hapa ndipo tunataka kusimama kidogo na ninyi, maana katika nyumba zetu nyingi maneno mawili yameungana yakawa moja. Tunasema "wifi" tukimaanisha "intaneti". Ni vitu viwili. Fikirini parsele yenye nyumba tatu ndani ya ukuta mmoja. Mtoto akibeba sahani ya ugali kutoka kwa nyanya yake na kuipeleka kwa shangazi yake, hatoki kwenye lango, hapandi taksi, halipi nauli. Wifi ni ule uwanja wa ndani ya parsele. Intaneti ni barabara ya nje. Mega ni nauli, na nauli hulipwa pale tu kitu kinapovuka lango. Mchezo ulioko kwenye laptopu chumbani ukienda hadi Play sebuleni haujavuka lango. Unaweza kwenda na kurudi usiku kucha bila kula hata mega moja.

Sasa, kwa nini kijana ajisumbue hivyo badala ya kutia diski kama watu wote? Kwa sababu Play yao haisomi tena diski.

Ile ni PlayStation 2. Ilitoka Japani tarehe 4 Machi 2000, na ni moja ya mashine za michezo zilizouzwa sana kuliko zote, zaidi ya milioni 155 duniani. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2013 Sony ilitangaza kwamba imeacha kuitengeneza. Maana yake hata ile iliyo changa kuliko zote ina miaka zaidi ya kumi, na nyingi za kwetu zilifika zikiwa zimeshatumika kwa watu wengine. Kitu kinachokufa kwanza ni jicho, kile kioo kidogo chenye mwanga kinachosoma diski. Linaanza kwa kukataa diski moja, kisha mbili, kisha mtoto anageuza Play kichwa chini, anaipigapiga, anafuta diski kwa shati. Fundi ataliongezea nguvu, litasoma miezi michache, halafu litakufa kabisa. Mengine yote ndani ya mashine bado ni mazima. Ni kama bibi aliyepoteza macho lakini hadithi zote anazikumbuka. Anahitaji mtu wa kumsomea barua.

Kinachomsomea barua ni programu inayoitwa Open PS2 Loader. Ni ya bure, imeandikwa na watu wa kujitolea. Play haikuzaliwa nayo. Inaingia kwa njia ya kadi ya kumbukumbu, ile ya megabaiti 8 tu, iliyotayarishwa kwa kitu kinachoitwa Free McBoot. Play ikiwaka na kadi hiyo, inafungua programu bila kuuliza diski. Wenye Play nyembamba za mwisho, ambazo karatasi ya chini yake imeandikwa namba inayoanza na SCPH-900, muwe macho: baadhi ya hizo zinaikataa kadi hiyo. Msitoe pesa kabla ya kuijaribu kwa kadi ya jirani.

Play 2 yenyewe haina wifi. Lakini ile nyembamba, iliyotoka mwaka 2004, ina tundu la kamba ya rezo mgongoni. Sony waliliweka wao wenyewe, ili watu wacheze na wenzao wa mbali. Ile nene ya zamani haina tundu hilo, inahitaji kipande cha kuongeza nyuma, na kwetu hapa kipande hicho ni nadra. Kisanduku cheupe kilichomtia mama hasira ni ruta ndogo ya wifi ambayo mjomba wa kijana aliiacha aliposafiri. Kinapokea wifi hewani na kuitia kwenye Play kwa kamba fupi. Basi njia ni hii: laptopu inatuma kwa modemu, modemu inatuma kwa kisanduku, kisanduku kinaingiza kwenye Play.

Na diski? Kijana alizitia moja moja kwenye laptopu, ambayo jicho lake bado linaona, akazinakili. Diski moja ya DVD ya kawaida ni kama gigabaiti 4.7. Katika laptopu alitengeneza dosye moja, ndani yake nyingine mbili, moja ya michezo ya CD na moja ya michezo ya DVD, akairuhusu Play kuingia humo. Namba za vyombo alizipanga kama namba za nyumba kwenye avenyu moja: sehemu tatu za mwanzo zinafanana kwa wote, ya mwisho inatofautiana. Mwenzetu wa sekretariati alisema hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanampa kila mmoja avenyu yake kisha wanashangaa hawaonani.

Jambo moja lilitushangaza wengi. Mchezo hauhami wote kwenda ndani ya Play. Play haina pa kuuweka. Inachukua kipande inachohitaji sasa hivi, inakitumia, inaomba kingine, kama mtu anayechota maji kwa kikombe wakati pipa liko nje. Ndiyo maana taa zinawaka na kuzimika bila kupumzika, na ndiyo maana laptopu ikizimika, mchezo unasimama papo hapo. Lakini michuano ya kijana, timu yake aliyoijenga tangu akiwa na miaka 11, haiko kwenye laptopu. Iko kwenye kadi ya kumbukumbu, kama siku zote. Alipoona Play inaingia kwenye kikapu cha samaki, aliogopa zaidi kwa ajili ya kile kipande kidogo kilichochomekwa mbele yake. Mama hakujua. Sisi pia hatukujua, hadi alipoichomoa kwanza kabla ya kujibu salamu zetu.

Basi mama muuza samaki alikaa kimya na kadi ya SIM mkononi. Wengi wetu tulikuwa tumeshaanza kumtazama kana kwamba ni yeye mwenye kosa. Halafu mama mmoja mzee, ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, akauliza: "Sawa. Basi mega zilikwenda wapi?"

Kweli! Zilikuwa zimekwisha. Hilo halikuwa la kubishaniwa.

Mwenzetu wa sekretariati akaivuta laptopu, akafungua mahali inapoandika habari za masasisho yake, maana kompyuta ya Windows inajitengeneza yenyewe, inapakua vipande vipya kutoka nje wakati mwenyewe analala. Orodha ina tarehe. Jumamosi ile, usiku, ilikuwa imeteremsha sasisho kubwa. Laptopu ile kwa kawaida haigusi wifi ya mama. Kaka mkubwa anaitumia kuandika kazi za shule, bila rezo. Kijana aliiunganisha kwenye modemu kwa ajili ya mchezo, akaiacha wazi hadi asubuhi. Laptopu ikaona lango liko wazi, ikatoka barabarani kwa nauli ya mama.

Kijana alikuwa ameanza kutabasamu tangu wachezaji walipoingia uwanjani. Hapo tabasamu likaisha.

Tunaliandika hili kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi zina kesi hiyo hiyo bila Play. Mtu anaunganisha kompyuta ya ofisi ya rafiki kwa dakika kumi, au simu mpya inajitunzia picha zote nje wakati wa usiku, au WhatsApp inapakua kila video ya kikundi bila kuulizwa, na asubuhi mtoto aliyekutwa na simu mkononi ndiye anayepigwa. Kwenye mipangilio ya wifi ya kompyuta kuna mahali pa kuiambia kwamba rezo hii inalipiwa kwa kipimo. Ukiiambia hivyo, inaacha kupakua masasisho mengi kwa nguvu. Simu nazo zina mahali pa kukataza video zisijipakue. Dakika mbili za kazi. Kama huoni vizuri maandishi madogo, mpe binti yako akufanyie, lakini keti kando yake uone alichobonyeza.

Lipo na la pili, zito zaidi, ambalo mwenzetu alilisema kwa sauti ya chini kwa sababu linagusa kikundi. Ili Play 2 ielewane na kompyuta, kijana alilazimika kuwasha lugha ya zamani ya kompyuta za Windows inayoitwa SMB toleo la 1. Tangu mwaka 2017 Microsoft wanaiacha imezimwa katika Windows 10 mpya, na wana sababu. Mwezi wa tano wa mwaka huo virusi vilivyoitwa WannaCry vilipitia tundu la lugha hiyo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai malipo. Huko Uingereza hospitali zililazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa miezi miwili kabla, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijaipata. Sasa ninyi angalieni: masasisho yale yale yaliyokula mega ndiyo yanayoziba matundu ya namna hiyo. Hatusemi muyakatae daima. Tunasema yafanywe siku mliyochagua, kwa mega mlizopanga. Na kompyuta inayofungua lango la zamani kwa ajili ya Play isiwe ndiyo inayotunza daftari la akiba la kikundi, wala picha za arusi, wala kazi za shule za kaka pasipo nakala kwenye kle ya USB. Kaka, kama unasoma hapa, nakala yako iko wapi?

Wapo watakaouliza: kwa nini asitumie kle ya USB moja kwa moja, Play si ina matundu mawili mbele? Inawezekana, na wengi hapa kwetu wanafanya hivyo. Lakini matundu yale ni ya zamani, yanapitisha si zaidi ya megabaiti moja na nusu kwa sekunde, wakati jicho la Play likiwa zima linasoma DVD kwa karibu megabaiti tano. Basi michezo mingi inachezeka, ila kwenye sinema za katikati sauti inakwaruza na picha inakatika. Tena kle iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili la zaidi ya gigabaiti 4, inabidi mchezo ukatwe vipande. Siku hizi kuna pia kiunganishi kinachoshika kadi ndogo ya SD na kuingia kwenye tundu la kadi ya kumbukumbu. Tumesikia sifa zake, hapa bado hatujakiona.

Hata njia ya kijana ilikuwa inakwaruza kidogo, na alikuwa amesema ni kwa sababu ya Play kuzeeka. Mwenzetu alitikisa kichwa. Kila kipande kilikuwa kinapita hewani mara mbili, kutoka laptopu hadi modemu, kisha kutoka modemu hadi kisanduku, na vyote vinagombea hewa ile ile. Akamuuliza: "Mwanangu, kisanduku hiki chenyewe hakiwezi kutoa wifi?" Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Kinaweza. Ndiyo kazi kilichozaliwa kuifanya.

Wakakipanga upya pale pale mezani, kati ya thermosi ya chai na daftari la mahudhurio. Kisanduku sasa kinatoa wifi yake mwenyewe, yenye jina lake na neno la siri lake, na hakina kadi ya SIM wala hakijaunganishwa na modemu. Laptopu inashika wifi hiyo, Play imechomekwa humo kwa kamba. Ni parsele isiyo na lango kabisa. Kipande kinapita hewani mara moja tu, na mkwaruzo ukapungua tukausikia sisi wenyewe. Laptopu haiwezi kutoka nje kupakua kitu, kwa hiyo mega haziguswi. Na ile lugha ya zamani, hata ikiwa imewashwa, hakuna mtu wa barabarani wa kuigonga, mradi kijana akumbuke kuizima siku laptopu itakapoungana na rezo ya nje. Modemu iliingia kwenye pochi ya mama, na sasa inakwenda naye sokoni, inakopaswa kuwa.

Kuna mama aliyeuliza juu ya nakala: je, si wizi? Swali zuri, na hatutajifanya watakatifu, maana tunajua diski nyingi zinazouzwa sokoni kwetu ni za aina gani. Maoni yetu ni haya. Kunakili diski yako uliyoinunua kwa sababu jicho la mashine yako limekufa ni jambo moja. Kujaza laptopu michezo mia ya watu na kuiuza kwa majirani ni jambo lingine, na kijana ameambiwa hivyo. Alikuwa na michezo 14 kwenye dosye. Miwili hakuweza kutuonyesha diski yake. Mama aliifuta mwenyewe, kidole chake juu ya kitufe.

Tena hapo aliona faida ambayo hakuitarajia. Zamani diski zilikuwa rundo lisilo na majina, zimeandikwa kwa kalamu, hajui mtoto anacheza nini. Sasa ni orodha moja, anaisoma juu hadi chini. Mmoja ulikuwa wa vita na damu. Diski yake halisi ilikuwa na ile namba 18 ya PEGI, alama ya Ulaya ya umri wa kuruhusiwa, ambayo ni 3, 7, 12, 16 na 18. Mama aliuliza, kijana akabishana kidogo, mchezo ukaondoka. Mpira umebaki, mbio za magari zimebaki, na ule wa kupigana ngumi umebaki baada ya majadiliano marefu ambayo mama mzee wa simu ndogo aliyaunga mkono upande wa kijana, hatujui kwa nini.

Onyo dogo la mwisho kwa wenye Play: umeme wa kwetu unakatika bila kubisha hodi. Laptopu ina betri, Play haina. Ikizimika wakati inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, yaliyoandikwa yanaweza kuharibika. Wafundisheni watoto kuandika mara kwa mara baada ya mechi, wasingoje mwisho wa usiku, na wenye kadi ya pili wanakili humo.

Wawili walionyosha mkono kununua walishusha mikono bila kuulizwa. Mama aliifunga Play tena kwa kitenge. Kabla ya kuitia kikapuni alimwambia kijana, mbele yetu, kwa sababu alimwita mwongo mbele za watu: "Hukuwa mwongo. Nilikosea." Kijana alitazama chini akasema: "Lakini mega zako niliziondoa, mama, hata kama sikujua." Wamepatana kwamba atazilipa kwa kupeleka samaki kwa wateja wa mbali Jumamosi nne, kwa mguu.

Juu ya pesa ya sabuni hakuna aliyesema neno Alhamisi. Hilo watalimaliza wenyewe nyumbani.

Juma lijalo, mvua ikituruhusu, tunarudi kwa sambaza.